Utarudi lini? Swali lililomfuata shabiki wa besiboli hadi nyumbani

Mama huyu hakwenda Marekani kutafuta timu ya kushabikia. Alitoka Kisii na mumewe na binti yao mdogo, wakafikia Brooklyn Park, mji ulio kaskazini mwa Minneapolis katika jimbo la Minnesota, mahali ambapo Wakenya ni wengi kiasi kwamba mtu hahangaiki kutafuta unga wa ugali. Akapata kazi ya muuguzi msaidizi katika nyumba ya kuwatunzia wazee, zamu ya saa tisa alasiri hadi saa tano usiku. Kuogesha, kulisha, kugeuza mgonjwa, kubadilisha shuka. Huko ndiko besiboli ilikomkuta.

Katika chumba kimoja aliishi mzee aliyewahi kuwa mkulima wa ng'ombe wa maziwa. Macho yake yalikuwa karibu yameisha. Kila jioni ya kiangazi alifungulia redio asikilize mchezo wa timu ya Minnesota Twins, na televisheni nayo akaiwasha bila sauti, ingawa alichokiona humo ni vivuli tu. Siku moja, mama akimlisha supu, mzee akamuuliza, "Binti, yule mpigaji aliyeumia mguu jana, anatembeaje?"

Mama hakujua hata mpigaji ni yupi. Alimweleza tu alichokiona: kuna mtu anakwenda kando ya uwanja, anaukanyaga mguu wa kushoto kama anayekanyaga miiba. Mzee akatikisa kichwa. "Hawezi kucheza huyo. Watamchezesha, lakini hawezi." Alisema ng'ombe hasemi anapoumwa. Ukitaka kujua, simama mlangoni asubuhi umtazame akitoka zizini.

Tangu siku hiyo mama akawa macho ya mzee. Kwa mwaka mmoja akajifunza kwamba mrushaji ndiye anayeanzisha kila kitu. Kwamba mdakaji huchuchumaa nyuma ya mpigaji akiwa na barakoa ya chuma, akipokea mipira zaidi ya mia kwa jioni moja. Kwamba msimu una michezo 162, karibu kila siku kuanzia Aprili hadi mwisho wa Septemba. Mtu anayetazama mchezo wa kila siku namna hiyo huanza kuwajua wachezaji kama majirani. Hujua nani amelala vibaya, nani goti linamsumbua.

Na majirani wawili ndio waliokuwa nguzo za timu. Wa kwanza alikuwa Joe Mauer, mdakaji, kijana wa hapo hapo St. Paul, aliyechaguliwa mchezaji bora wa ligi yake ya American mwaka 2009. Wa pili Justin Morneau, raia wa Kanada, mpigaji wa nguvu, ambaye tuzo hiyo hiyo aliipata mwaka 2006.

Tarehe 7 Julai 2010 Twins walikuwa Toronto. Morneau alikuwa akikimbilia besi ya pili, akajitupa chini ili amvuruge mlinzi asipate kurusha mpira kwingine. Ni jambo la kawaida katika mchezo huo. Goti la mlinzi likampata kichwani. Hapakuwa na damu, hakuna mfupa uliovunjika. Mama alimwambia mzee, "Ameinuka. Anatembea." Mzee akauliza kama kawaida yake: anatembeaje? Mama akasema, "Kama mtu aliyeamshwa usingizini."

Morneau hakucheza tena mwaka ule wote. Alikuwa katika msimu bora kuliko yote ya maisha yake.

Hapo ndipo hasira ya mama dhidi ya uongozi wa timu ilipoanzia. Kwanza Morneau aliwekwa kwenye orodha ya majeruhi ya siku 15. Siku hizo zikapita. Zikapita wiki nyingine. Kila jioni redioni ikasemwa kwamba anaendelea vizuri, kwamba leo amekimbia kidogo, kwamba kesho atashika gongo, na kila jioni waandishi wakawauliza wakubwa swali lile lile, nao wakalijibu: atarudi hivi karibuni. Septemba ndipo likatoka tangazo kwamba hatarudi. Twins walishinda michezo 94, wakaingia kwenye mchujo bila yeye, wakatolewa na New York Yankees kwa michezo mitatu mfululizo.

Haki ya uongozi nayo isemwe. Hawakumlazimisha Morneau kucheza. Mtikisiko wa ubongo hauna kalenda, na daktari mwaminifu hawezi kutaja siku utakapoisha. Lakini kama hawakuijua tarehe, kwa nini waliitaja? Hili ndilo lililomchoma mama. "Wanamuuliza atarudi lini," alimwambia mzee, "hakuna anayemuuliza anajisikiaje." Alikuwa na la kusema juu ya kila kiongozi, kuanzia meneja mkuu hadi daktari wa misuli. Siku moja alithubutu kupiga simu kwenye kipindi cha redio cha mashabiki. Akasubiri kwenye laini dakika nyingi, moyo ukimdunda, Kiingereza chake amekipanga vizuri kichwani. Mara kengele ya chumba cha mwisho ikalia, bibi mmoja anataka kwenda msalani. Akakata simu. Uongozi wa Twins ukaponea hapo.

Februari iliyofuata, mumewe alianguka.

Alikuwa akifanya kazi ya kupakia mizigo katika ghala moja, zamu ya alfajiri. Kwa msomaji ambaye hajaona majira ya baridi ya Minnesota, barafu ya huko hukaa juu ya lami kama kioo, na gizani haionekani. Alishuka kwenye gari katika maegesho ya kazini, akapiga hatua tatu, miguu ikaenda mbele, kisogo kikapiga chini. Wenzake wakamwinua. Msimamizi akaja akamuuliza kama yuko sawa. Mwanamume mgeni nchini, mwenye kodi ya kulipa, anayejua nje kuna wengine wanaitaka nafasi yake, angejibu nini? Alisema yuko sawa. Akaketi dakika chache, akamaliza zamu yake akibeba maboksi. Jioni akamwambia mkewe kwamba aliteleza kidogo, na mkewe akamkanda mgongo kwa maji moto, kwa sababu mgongo ndio aliosema unauma.

Baada ya hapo nyumba ikaanza kubadilika, polepole, kiasi kwamba mtu wa ndani haoni.

Baba alianza kuzima taa. Ukiingia sebuleni unamkuta ameketi gizani. Binti yao, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja, akicheka na wenzake kwenye simu baba alifoka, naye hakuwa mtu wa kufoka. Sufuria iliungua jikoni yeye akiwa amesimama kando yake. Siku moja akasahau kumchukua mtoto shuleni, na alipoulizwa akasema hakuambiwa, ilhali aliambiwa mara mbili. Akaanza kukosa zamu. Mwisho wa Machi msimamizi akamwambia akapumzike nyumbani, arudi akiwa tayari. Mapumziko hayo hayakuwa na mshahara.

Mama akachukua zamu za ziada. Siku sita kwa wiki, nyingine zikiwa za saa kumi na sita. Nyumbani Kisii kulikuwa na karo ya shemeji yake na dawa za mama mkwe, na simu za nyumbani hazijui habari ya barafu. Kila alfajiri akirudi anamkuta mumewe amelala. Akiondoka mchana, bado amelala. Katika kikundi chao cha akina mama wa kanisani mmoja akamnong'oneza kwamba mwanamume anayelala hivyo huwa ni chupa, kama si chupa ni mwanamke. Mama akaanza kunusa koti la mumewe. Hakukuta kitu, na kutokukuta kitu kukamwongezea hasira.

"Baba watoto, utarudi kazini lini?"

Alilisema mara ya kwanza kwa upole. Halafu kila siku. Halafu mbele ya mtoto. Mumewe alijibu, "Wiki ijayo, Mama." Wiki ikifika, anasema ijayo.

Besiboli ilirejea Aprili 2011, na kwa mama ilirejea kama mahali pa kupumulia. Saa tatu za mchezo katika chumba cha mzee, akikunja nguo huku akisimulia, ndizo saa ambazo hakufikiria nyumbani. Lakini Twins nao walirudi wakiwa wagonjwa. Mauer alikuwa amefanyiwa upasuaji wa goti Desemba, na kabla Aprili haijafika mwisho akawekwa kwenye orodha ya majeruhi. Maelezo ya timu yalikuwa maneno ambayo mashabiki wa Minnesota hawajayasahau hadi leo: udhaifu wa miguu yote miwili.

Udhaifu wa miguu! Mkataba wake mpya, wa miaka minane wenye thamani ya dola milioni 184, ulikuwa unaanza mwaka huo huo. Dola milioni 23 kwa mwaka, na miguu ni dhaifu. Mashabiki walicheka, kisha wakakasirika. Wapo waliomwita mvivu, mtoto wa mama. Na mama yetu huyu, aliyekuwa amemtetea Morneau mwaka mzima, safari hii aliungana nao. "Mimi nasimama saa kumi na sita," alimwambia mzee. "Miguu yangu nani ameiandikia karatasi?"

Mzee hakubishana. Aliuliza tu kama amemwona Mauer akitembea. Mama akasema haonyeshwi, yuko Florida anafanya mazoezi ya kurejea. "Basi hatujui," mzee akasema.

Lawama kubwa zaidi lakini aliiweka pale pale kwa wakubwa. Kama goti halijapona sawasawa, kwa nini walimpanga siku ya kwanza ya msimu? Kama shida ni goti, kwa nini iitwe udhaifu wa miguu, jina lisilo na maana, jina linalomwacha mchezaji adhihakiwe uwanjani huku waliolitoa wamejifungia ofisini? Na kwa nini kila anayeumia huambiwa ni jambo la siku moja mbili, timu ikacheza pungufu wiki nzima ikimsubiri, halafu ndipo aandikwe kwenye orodha? Alikuwa na hoja. Timu ilikuwa na wachezaji 25 tu wa kutumia, na mmoja akiketi bila kuandikwa, nafasi yake hakuna wa kuijaza. Mauer alirudi katikati ya Juni. Morneau alikuwa amerejea mwanzoni mwa msimu, lakini hakuwa yule. Mwaka mzima alicheza michezo 69 na kupata mapigo manne tu ya kuruka ukuta, mtu aliyekuwa amepiga 18 katika nusu msimu kabla ya lile goti la Toronto.

Katikati ya Mei timu ilipata msiba. Harmon Killebrew, mpigaji mkubwa kuliko wote katika historia ya Twins, aliyepiga mipira 573 nje ya uwanja katika maisha yake ya uchezaji, alitangaza kwamba madaktari wamefika mwisho na saratani yake ya umio, naye anaingia kwenye matunzo ya siku za mwisho. Siku nne baadaye, tarehe 17, akafariki. Mzee aliishika redio yake mikononi usiku ule, hakutaka kusimuliwa chochote. Mama anaijua kazi hiyo ya siku za mwisho, ndiyo inayomlisha. Alikaa naye hadi alipolala, akachelewa basi.

Kisha mwanzoni mwa Juni mchezaji mwingine, Denard Span, akagongana na mdakaji wa Kansas City alipokuwa akikimbilia besi ya mwisho. Siku chache baadaye naye akaingia kwenye orodha. Kichwa tena. Mtangazaji wa redio akaeleza dalili ambazo watu wa aina hiyo hupata. Mwanga unawaumiza. Kelele zinawaumiza. Kizunguzungu. Kusahau. Usingizi mwingi au kukosa usingizi. Hasira zisizo na sababu. Huweza kudumu wiki, huweza kudumu miezi.

Mama alikuwa anakunja taulo. Anasema hakusikia chochote kigeni katika orodha ile, aliisikia kama mtu anayesikia habari za Span. Mzee ndiye aliyeuliza. Alikuwa amemsikiliza mama akilalamika kuhusu mumewe tangu Machi, kati ya mpigaji mmoja na mwingine.

"Mume wako alianguka lini, ulisema?"

"Februari."

"Alipiga wapi?"

Mama akasema mgongo. Halafu akasema kichwa, nyuma, lakini hakikutoka damu.

"Anatembeaje?"

Naye hakuwa na jibu. Aliweza kumwambia mzee namna Mauer alivyochuchumaa tangu mwaka 2009, goti lipi aliliegemea. Aliweza kueleza hatua za Morneau kutoka besi ya kwanza hadi ya pili. Mumewe, aliyelala naye kitanda kimoja, alijua tu kwamba hatembei, analala.

Usiku ule alifika nyumbani karibu na saa sita. Hakuwasha taa. Akaketi jikoni akasubiri. Kitambo mumewe akatoka chumbani kwenda msalani, na mwanga wa barabarani ulikuwa unaingia dirishani. Alikuwa anatembea huku mkono mmoja ukipapasa ukuta. Alipofika mahali ambapo ukuta unakatika, penye mlango, akasimama, akafumba macho, akavuka ile nafasi kama mtu anayevuka mto juu ya gogo.

Asubuhi walikwenda hospitali. Daktari aliuliza maswali mengi, akamtaka asimame kwa mguu mmoja, arudie maneno matano kinyumenyume, afuate kidole kwa macho. Picha za kichwa hazikuonyesha damu. Alisema ni mtikisiko wa ubongo ambao haukupewa nafasi ya kupona. Alipoambiwa kwamba mgonjwa alibeba maboksi siku ile ile, akaacha kuandika. Akaeleza kwamba pigo la pili likija kabla la kwanza halijapona, ubongo unaweza kuvimba na mtu akafa. Si jambo la mara nyingi, lakini lipo. Mama akakumbuka kwamba mara mbili mwezi wa Machi alimwamsha mumewe kwa kumvuta blanketi, akamtoa nje kwenye barafu ile ile aende kazini.

Mwaka huo huo wa 2011 ligi kuu ya besiboli ilikuwa imeanzisha orodha maalumu ya siku saba kwa mchezaji aliyegongwa kichwa, ili asirudishwe uwanjani kwa haraka, na kabla ya kurudi ni lazima apimwe. Mama alikuwa ameiponda orodha hiyo mbele ya mzee. Siku saba zitamsaidia nani? Njiani kutoka hospitali aliifikiria tena. Mpakia mizigo hana hata hizo saba.

Nyumbani hawakuzungumza sana. Mama alifunika madirisha kwa kanga. Akamwita binti yao akamweleza kwamba baba hakukasirika naye, ni kichwa. Mtoto akauliza, "Kama Morneau?" Naye alikuwa akisikiliza siku zote. Mumewe ndiye aliyecheka, mara ya kwanza tangu Februari, halafu akashika kichwa kwa sababu kucheka kuliuma.

Kuomba msamaha kulichukua muda zaidi. Kumwambia mwanamume wa Kisii kwamba ulinusa koti lake si jambo la asubuhi moja. Alipomwambia, mumewe alinyamaza, kisha akasema kwamba yeye mwenyewe alishaanza kuamini ni uvivu. Kila alipoulizwa utarudi lini alijaribu kutafuta tarehe kichwani, na kichwani hamkuwa na tarehe. Akataja wiki ijayo ili aachwe alale.

Lipo jambo moja la sheria ambalo familia nyingi za wahamiaji hazilijui, na hawa walilijua kwa bahati, kwa dada mmoja wa kanisani aliyewahi kuvunjika mkono kiwandani. Minnesota, mfanyakazi aliyeumia kazini hana budi kumjulisha mwajiri mapema, na akishapitisha siku 180 hudai patupu. Kutoka Februari hadi Juni walikuwa wamekula zaidi ya siku mia moja. Mama alihesabu kwenye kalenda ya Twins iliyobandikwa kwenye friji. Akaandika barua usiku, mumewe akatia saini, wenzake wawili waliomwinua wakakubali kutaja majina yao. Ujasiri huo si mdogo kwa watu wanaotaka kubaki na kazi.

Majibu ya kwanza kutoka ghalani yalikuja kwa posta. Ilikuwa fomu ya kurasa mbili. Juu kabisa, chini ya mstari wa jina, palikuwa na nafasi ya kujaza: tarehe ambayo mfanyakazi anatarajiwa kurudi kazini. Mama aliisoma amesimama mlangoni na buti za kazi miguuni. Alitamani kumpigia mtu simu amtukane. Lakini akakumbuka ni mara ngapi yeye mwenyewe aliijaza fomu ile kwa mdomo. Akaandika kwa herufi kubwa: HAIJULIKANI. Malipo ya hospitali yalikuja vuli, baada ya barua nyingi. Ya mshahara yalikuja nusu.

Twins walimaliza mwaka 2011 wakiwa wameshinda michezo 63 na kupoteza 99. Span alirudi Agosti, akacheza siku chache, akarudi kwenye orodha. Novemba meneja mkuu Bill Smith akafutwa kazi. Mwaka mmoja kabla, mama angeimba. Aliisoma habari hiyo kwenye basi, akamfikiria tu mzee angesema nini. Lakini mzee hakuona msimu uliofuata. Alifariki majira ya baridi, redio yake ikachukuliwa na wajukuu.

Hasira yake kwa uongozi haikuisha, msomaji asidhani hivyo. Ilipungua kelele. Agosti 2013 mpira uliochubuka kwenye gongo ulipiga barakoa ya Mauer, na safari hii timu ilitaja jina la jeraha tangu mapema, haikutaja tarehe. Hakucheza tena mwaka ule. Novemba akatangaza kwamba hatachuchumaa tena nyuma ya mpigaji, atahamia besi ya kwanza. Ni kazi aliyokuwa bora kuliko karibu wote walioifanya, na aliiacha akiwa na miaka 30. Mashabiki wakahesabu dola tena. Mama alisema nyumbani kwamba hizo ndizo akili alizotamani mtu angempa mumewe Februari ile, kisha akajisahihisha: mtu gani? Yeye ndiye aliyekuwepo.

Mumewe hakurudi ghalani. Baada ya mwaka mmoja na zaidi alipata kazi ya nusu siku ya kufagia na kupanga viti katika shule, mchana, mahali penye ukimya watoto wakishaondoka. Theluji ikiwaka jua huvaa miwani myeusi. Siku nyingine ni nzuri kabisa. Siku nyingine kanga hurudi madirishani.

Septemba 2018 hasira ya zamani ilipanda tena. Byron Buxton, mkimbiaji aliyekuwa ametunukiwa mwaka uliotangulia kama mlinzi bora, alikuwa amepita msimu wa balaa: kipandauso, kisha kidole cha mguu kilichovunjwa na mpira aliopiga mwenyewe, akacheza nacho, akapiga vibaya, akashushwa timu ya chini. Septemba, mwezi ambao timu huruhusiwa kuita wachezaji wa ziada, hawakumwita, na ofisi ikakiri kwamba moja ya mambo waliyoyapima ni hesabu ya siku zake za utumishi, kwa sababu bila siku hizo angechelewa mwaka mzima kuwa huru kujitafutia timu. Mtu aliumia akiwafanyia kazi, aliumia zaidi kwa kucheza akiwa ameumia, kisha siku zake zikahesabiwa. Mama alisimama katikati ya sebule akasema yote aliyokuwa ameyapanga kwa ajili ya kile kipindi cha redio miaka minane nyuma. Kwa Kiswahili safari hii, na hakuna kengele iliyolia. Binti yao, mrefu kumpita, alimpigia makofi.

Tarehe 30 ya mwezi huo ilikuwa mchezo wa mwisho wa msimu, na watu walidhani ungekuwa wa mwisho wa Mauer. Binti alikuwa ameuliza kama wanunue tiketi. Lakini uwanja wa Target Field una kelele, na baba alikuwa ameamka na siku mbaya. Wakatazama nyumbani, televisheni imezimwa sauti, yeye amelala kwenye kochi na kitambaa chenye maji baridi juu ya macho. Mama akawa anasimulia kwa sauti ya chini, kama alivyokuwa akifanya chumbani mwa mzee.

Duru ya tisa. Uwanja ukasimama wote. Mauer alitoka kibandani amevaa vifaa vyote vya mdakaji, kinga za miguu, kinga ya kifua, barakoa mkononi, kwa mara ya kwanza tangu lile pigo la 2013. Angedaka mpira mmoja tu kisha atoke. Mama alijaribu kusema hivyo na sauti ikakwama.

"Mbona umenyamaza?" mumewe akauliza, kitambaa bado machoni. "Nani ametoka?"

"Mauer. Amevaa za zamani."

"Anatembeaje?"

Mama akasogeza kiti karibu na skrini.